Kama Lilivyotoka Kiwandani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema shinikizo langu la damu linapanda kwa sababu nagombana na watu. Nimemjibu kuwa watu ndio wanaogombana nami. Hakucheka. Kanishauri nikikasirika niandike kwanza, kusema baadaye. Haya, nimenunua daftari, na siku ya kwanza tu nimeshapata la kuandika.

Jioni mwanangu alikuja na mgeni, bwana wa makamo mwenye kofia ya kitambaa na glavu za ngozi za kuendeshea, ingawa alikuja amekaa kiti cha abiria. Nikaambiwa ni mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa magari ya kale. Salamu aliitoa huku anatembea. Akapitiliza hadi uani, akaanza kulipapasa gari langu bila hata kuomba ruhusa.

"Mama, hii ni lulu," alisema. "Imekaa hapa haijulikani."

Inajulikana mtaa mzima. Inaitwa Kikohozi, kwa sababu haiwaki mpaka ikohoe, na asubuhi za baridi haikohoi mpaka isukumwe. Ni gari dogo la milango miwili, rangi ya maziwa yaliyochacha, isipokuwa mlango wa abiria ambao ni wa buluu, maana ulitoka kwenye gari jingine baada ya wa kwake kuliwa na kutu. Marehemu mume wangu na mimi tulilinunua kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko yote, na lilikuwa rahisi kwa sababu watu watatu walishalichoka kabla yetu.

Mwenyekiti akaegemea boneti, akafumba macho, akaanza kusimulia enzi zile, magari machache barabarani, safari za Jumapili, harufu ya viti. Mimi nilikuwa mwalimu wa udereva enzi hizohizo anazozililia. Nakumbuka rejeta ikichemka mlimani na mimi nimebeba dumu la maji. Nakumbuka waipa ilivyokufa, marehemu akafunga kamba, yeye anavuta upande wake nami navuta wangu, ili tuone barabara. Na nakumbuka vizuri sana wenye magari mapya waliokuwa wakitupigia honi nyuma na kutucheka wakitupita. Leo wamestaafu, wamevaa glavu, wanaliita lulu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Siku ya kliniki ya dada.

Dada yangu ananipita miaka sita na anaishi nami. Nyonga yake iliyovunjika haikunjiki sawasawa, na kila Alhamisi ananyooshwa kwenye mashine za mtaalamu wa viungo. Huyo mtaalamu amesema akiacha, nyonga itaganda, na ikiganda ni kitanda mpaka mwisho. Dada hapandi gari lolote isipokuwa Kikohozi. Mwaka juzi alianguka akitoka kwenye gari la kukodi, dereva anatazama simu, na tangu siku hiyo kaapa. Kubebwa nako hataki. Anasema yeye si gunia.

Kikohozi anakipanda mwenyewe. Marehemu alikuwa fundi bomba, akakata kipande cha bomba la maji, akakikunja na kukichomelea kwenye nguzo ya mlango wa abiria, usawa wa mkono wa dada. Dada anageuza mgongo, anashika bomba, anajishusha kitini taratibu huku akitukana viatu vyake. Hakuna anayemgusa. Ukitaka kuona mtu mzima mwenye heshima zake, muone dada akishuka pale kliniki.

Leo hakikuwaka. Jirani mshonaji aliacha cherehani yake akatusukuma hadi njia panda, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Dada kashinda akinirekebisha namna ya kukunja shuka.

Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu alikuja peke yake, mpole kupita kiasi. Anafanya kazi kampuni ya bima, anajua kuongea na watu waliopata hasara. Akasema sakafu ya Kikohozi imetoboka na breki zimechoka. Ni kweli, jana tumerudi kutoka kliniki dada ameinua miguu maji yasimrukie. Akasema atalipeleka kwa fundi wa chama, gharama zake, wiki mbili basi.

"Breki na sakafu," nikamwambia.

"Breki na sakafu, mama. Utalipata kama zamani."

Nikakubali shingo upande. Mtoto akitaka kumfanyia mama yake jambo, utamzuia vipi?

Jumapili, 16 Machi

Wamelichukua kwa lori la kubebea magari, limefungwa mikanda. Gari linalotembea. Mshonaji alisimama mlangoni kwake akanipa pole.

Alhamisi, 20 Machi

Gari la kukodi lilikuja, jipya, safi, na dereva mstaarabu. Dada alilizunguka kwa fimbo yake kama askari anayekagua mzigo. Akatafuta pa kushika. Milango ya magari ya sasa ni laini mwili mzima, kila kitu kimefichwa ndani. Akaweka mkono juu ya paa, ukateleza kwa mvua. Akanitazama. Nilijua macho yale.

"Wiki mbili si nyingi," alisema, akarudi ndani.

Alhamisi, 27 Machi

Hakwenda. Mwanangu kwenye simu anasema wamegundua kutu zaidi. Kutu imekuwepo miaka yote, haikuhitaji kugunduliwa.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua usiku kucha. Dada kanywa chai kitandani, anasema ni uvivu tu. Dada hajawahi kuwa mvivu.

Alhamisi, 3 Aprili

Shinikizo leo silipimi, nalijua.

Nilipanda basi nikaenda gereji ya chama bila kualikwa. Nilimkuta Kikohozi katikati ya ukumbi chini ya taa kali, na kwanza sikumtambua, nikampita nikiwa namtafuta. Amekuwa wa kijani. Kijani cha majani machanga, anang'aa mpaka nikajiona usoni, na uso wenyewe haukuwa mzuri. Milango yote miwili ya kijani. Viti vipya vyekundu. Waipa mbili zimelala kwenye kioo kama zinavyotakiwa. Mwanangu alikuwa pembeni na Mwenyekiti, amekunja mikono ya shati, ana rangi puani, na nilipoingia alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, alifurahi kuniona.

"Mama, umeharibu. Tulitaka liwe jambo la kushtukiza."

"Nimeshtuka," nikasema. "Nani kakuambia lilikuwa la kijani?"

Mwenyekiti akadakia kuwa walikwangua rangi hadi chini kabisa, chini ya ile ya maziwa kulikuwa na nyekundu, chini ya nyekundu kijani, na kijani ndiyo ya mwanzo. "Sasa lipo kama lilivyotoka kiwandani, mama. Kila kitu kisichokuwa cha asili tumekiondoa."

Nikamwambia mimi sijawahi kuliona likitoka kiwandani. Hakuna mtu wa familia yetu aliyeliona. Tulilikuta mkweche, tukalitunza mkweche, na kama ni zamani yetu mnayoitafuta, zamani yetu ina mlango wa buluu. Mwenyekiti akacheka kwa adabu kama anayecheka na mtoto. Nilitamani nimvue hizo glavu nizitupe kwenye pipa la oili.

Ndipo nikaenda upande wa abiria, nikafungua mlango. Nguzo ilikuwa laini. Nikaipapasa juu hadi chini, labda macho yangu.

"Bomba liko wapi?"

Mwanangu akamtazama fundi wa rangi aliyekuwa nyuma yetu, naye akatazama chini.

"Lile la baba? Mama, lile lilikuwa limechomelewa vibaya, limeharibu nguzo. Lilikatwa. Limekwenda na ule mlango kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Mama yako mkubwa anashika nini?"

Naapa hakuwa amefikiria. Miaka yote hii amemuona dada akishika bomba lile, na hakuliona. Akasema tutaweka kishikio kizuri, kipo cha kufunga kwa skrubu, lakini si sasa, rangi ni mbichi na maonyesho ni tarehe kumi na nane mwezi wa tano. Waamuzi wanakagua kila sehemu. "Baada ya maonyesho tu, mama. Mwezi mmoja na kidogo. Halafu fanyeni mtakavyo."

Nyonga ya dada isubiri waamuzi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili dada analisoma nikienda sokoni. Nikaondoka. Alinifuata na mwavuli hadi kituoni, sikuuchukua. Nimelowa mpaka mifupa na bado nimekasirika.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada kasoma. Amesema, "Usimchukie mtoto kwa ajili ya bomba." Nikamwambia si bomba. Akasema anajua si bomba, na nimpe dawa ya kuchua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Kapiga simu mara nyingi. Sipokei.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtaalamu wa viungo kapita nyumbani jioni, hisani yake tu. Kaunyoosha mguu wa dada kitandani na nimesikia dada akinyamaza. Akitukana najua anaendelea vizuri. Mlangoni kaniambia kwa sauti ya chini kuwa mikono yake haitoshi, zinahitajika mashine, na upesi.

Nilimwomba dada akubali kubebwa na mshonaji na mwanawe hadi kwenye gari la kukodi, mara moja tu. Aligeukia ukutani. Nikabaki nimesimama na sahani ya chakula. Nilimkasirikia na yeye pia, kwa nini niandike uongo. Baadaye, taa imezimwa, akasema kwamba si maringo. Anaogopa. Kila akifumba macho anaona lami inakuja. "Pale kwenye bomba huwa siioni," alisema.

Jumapili, 27 Aprili

Leo amekuja mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaleta matunda na uso wa kupatanisha. Nilikuwa nimejiandaa kumrudisha na matunda yake. Lakini ni mtu wa kweli, hanipaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Kakaa kitandani kwa dada, kasema:

"Mama, najua amekosea. Nimemwambia. Ila kuna kitu hajawahi kukwambia. Alipokuwa mdogo alikuwa analionea aibu lile gari."

"Aibu gani? Alilipenda. Kila siku nilimpeleka shule."

"Na kila siku alikuomba umshushe kwenye kona ya duka la vitabu."

Ni kweli. Aliniambia anapenda kutembea.

"Na mkisimama kwenye foleni alikuwa anainama chini anajifanya anafunga kamba za viatu, wenzake wasimuone."

Zile kamba. Nilidhani mtoto wangu ana miguu ya ajabu, kamba hazikai. Nilikwenda hadi mjini nikamnunulia viatu visivyo na kamba, na akalia, na mimi na baba yake tukashangaa mtoto analia kwa kupewa viatu vipya. Dada kitandani hakushangaa hata kidogo. Alijua. Watu wote walijua isipokuwa mimi, mwalimu wa udereva, nilikuwa natazama barabara.

Mkwe akasema mumewe amekuwa akiota siku ambayo gari lile litasimama mahali na watu waje kulishangaa badala ya kulicheka. Mimi nikiwa pale, nimependeza.

Nimekasirika upya, ila sasa sijui nimkasirikie nani. Kwa hiyo hakulikumbuka Kikohozi kwa mapenzi. Alitaka kukifuta, aweke kingine cha kijani ambacho hakuna mtoto angekiinamia. Na bomba la baba yake likafutwa pamoja nacho. Dada anasema nimpigie. Bado.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia. Tumeongea kuhusu mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Dada leo ameshindwa kufika chooni peke yake. Sina zaidi.

Jumapili, 18 Mei

Nilikwenda kwenye maonyesho. Mkwe alinifuata na gari, nimevaa gauni la harusi ya mpwa wangu, na shingoni kidani.

Uwanja wa mpira umejaa magari ambayo enzi zangu yalikuwa yanavutwa kwa kamba. Yamezungushiwa utepe. Kila moja lina kibao cha "Tafadhali usiguse", na pembeni ya kila kibao bwana mmoja anasimulia jinsi gari la namna hiyo lilivyokuwa rahisi, ungelinunua kwa mshahara wa kawaida, ungelitengeneza kwa waya na bisibisi. Wanasimulia machozi yakiwalenga. Na magari yenyewe hayajaguswa na waya tangu wayapate. Yanaletwa juu ya lori na kurudishwa juu ya lori. Nilimuuliza mmoja mara ya mwisho aliliendesha lini. Akasema, "Mama, hili haliendeshwi, hili linathaminiwa."

Kikohozi kilipata kikombe cha daraja la magari madogo. Watu walipiga makofi. Mwanangu alinitafuta kwa macho katikati ya watu, na nilimuona mtoto wa shule kabisa. Nikapiga makofi na mimi, maana mimi ni mama yake.

Kisha Mwenyekiti akanipa kipaza sauti, eti nieleze utamu wa enzi zile.

"Enzi zile tulikuwa hatuna hela," nikasema. "Gari hili lilipiga kazi. Lilikuwa na mlango wa buluu na kamba ya waipa, na bomba ambalo mume wangu alimchomelea dada yangu ili apande gari bila kubebwa. Mmelipatia kikombe kwa kuviondoa vyote. Dada yangu leo yuko kitandani, na dawa yake iko hapa imezungushiwa utepe."

Wachache walicheka, wakidhani ni kichekesho, kisha wakaacha. Na mvua haikungoja nimalize. Ungewaona walivyokimbia. Maturubai yalitoka, miavuli ikafunguliwa juu ya maboneti, wake zao wamesimama wanalowa na magari yamekauka. Mwanangu alibaki kaduwaa, kikombe mkononi kinajaa maji.

"Nipe ufunguo," nikamwambia.

Mwenyekiti alikuja mbio. "Mama, halipaswi kunyeshewa, rangi hii..."

"Ulikuwa unazililia safari za Jumapili," nikamwambia. "Leo ni Jumapili."

Mwanangu alinipa ufunguo. Alikata utepe kwa mikono yake, akaketi kando yangu, na kikombe akakipakata. Kikohozi kilikohoa mara tatu, sauti ileile, nikakaribia kulia. Tulipofika barabarani waipa za kiwandani zikasimama. Marehemu alizitupa kwa sababu hiyohiyo. Ilibidi mwanangu atoe mkono dirishani afute kioo kwa leso, na njia nzima alifuta, mkono wa shati umeloa hadi begani.

Kwenye kona ya duka la vitabu mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe. Sikuuambia. Ni miaka ya mazoea, na sasa hivi kuna duka la simu pale. Tukabaki tumesimama, mvua inapiga paa. Alijua kuwa nimeshaambiwa.

"Endelea tu, mama," alisema.

Jumanne, 20 Mei

Fundi wa kuchomelea amekuja na mashine yake. Mwanangu kaomba ruhusa kazini, na ndani ya stoo ya baba yake katafuta mwenyewe kipande cha bomba, kakipima kwa mkono wa dada, dada kakunja ngumi kitandani kumwonyesha unene anaoutaka. Fundi alipoona ile rangi akaweka mashine chini.

"Mzee, hapa rangi itaungua. Itababuka yote, huku na huku. Dhambi hiyo."

"Choma," mwanangu alisema.

Ilibabuka kweli, alama nyeusi ya upana wa kiganja, na moshi wenye harufu mbaya. Alisimama akitazama hadi mwisho. Jioni Mwenyekiti alipiga simu, keshasikia habari za bomba, kikombe kirudishwe. Kimerudishwa, ingawa dada alikuwa ameshaanza kukiwekea miwani yake.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua nyepesi. Mwanangu alifika asubuhi akiwa na shati lake la ofisini na viatu vya kung'aa, kumsaidia mama yake mkubwa kupanda. Mimi na mkwe tulimtoa dada ndani, hatua kwa hatua, na ilichukua muda kuliko ninavyotaka kuandika. Mwanangu akanyoosha mkono.

"Toa mkono, baba," dada alisema. "Nina bomba langu."

Akageuza mgongo. Akalishika. Akasimama pale amefumba macho, tukasimama sote, mshonaji naye mlangoni kwake na futi yake. Kisha akajishusha, taratibu sana, na katikati ya safari akavitukana viatu vyake. Sijawahi kusikia tusi tamu kama lile.

"La baridi," alisema akishakaa. "La shemeji lilikuwa na joto. Twendeni."

Nikawasha. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, hata kukohoa hakikohoi. Unyevu wa Jumapili umeingia kwenye nyaya za kiwandani. Mshonaji akaanza kuvuka barabara, lakini mwanangu alikuwa ameshakwenda nyuma. Nilihisi gari likisogea.

Ilikuwa saa ya watoto kwenda shule na mtaa umejaa. Alitusukuma mbele yao wote, kwenye tope, kupita duka la dawa, kupita kituo cha basi, hadi njia panda, gari la kijani lenye kovu jeusi mlangoni. Watoto walicheka, wengine wakamkimbilia kando. Kikohozi kilipokohoa na kuwaka nilimtazama kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama katikati ya barabara anahema, tope hadi magotini, kamba ya kiatu imefunguka inaburura, na hakuinama kuifunga.